Kioo cha Daraja la Kwanza, Sehemu ya Saba: Tiki Thelathini

Wiki iliyopita niliwaacha na karatasi ikiwa hewani. Mmeniletea salamu za kila aina, wengine mmenitukana, na hata mimi najitukana. Haya, tuishushe hiyo karatasi.

Tuko ofisini kwa Mkuu wa Mitihani, saa nne asubuhi. Upande wa pili wa meza wameketi watu watatu. Mkuu mwenyewe, ambaye suti yake imembana mpaka anapumua kwa awamu. Msajili wa chuo, mama mwenye miwani ya kamba. Na Mwalimu wa Picha, anayewafundisha vijana kusoma picha za eksirei. Upande wetu tuko wawili: mimi na binti wa dada yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Kisoda kwa sababu ya kimo chake.

Kimo ni kifupi. Ulimi Mungu hakuupunja.

Kisoda ameshtakiwa kwa uongo. Kwenye mtihani wa mwisho alionyeshwa picha ya mfupa wa mkono kwenye laptopu, akaandika "hakuna ufa". Ufa ulikuwepo. Alipoulizwa, akasema kioo kilimgeuzia rangi. Chuo kikasema anaisingizia mashine, na kwa sheria zao anayesingizia anafukuzwa. Imebaki miezi miwili ahitimu.

Ndipo Mkuu akatoa fomu ya ukaguzi wa zile laptopu, akaigeuzia kwetu na kuuliza, "Yupo hapa anayemjua mtu aliyetia sahihi hii?"

Sahihi ni yangu. Na Kisoda anaijua, kwa maana ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zake zote za shule tangu darasa la kwanza.

Aliinama akaitazama. Nikaona macho yake yanatoka kwenye karatasi, yanateremka taratibu, yanatua kwenye vidole vyangu. Nikavificha chini ya mkoba.

"Binti, nimeuliza," Mkuu akasema. "Unamjua?"

"Simjui," Kisoda akajibu.

Nataka mnielewe hapa. Mtoto aliyeitwa mwongo kwa kusema kweli, sasa alisema uongo wake wa kwanza mbele ya ile meza, na aliusema kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ilikuwa sakafu ya zege.

"Sawa," Mkuu akasema. "Basi mjue huyu ni mtu wa kazi yake. Kakagua laptopu thelathini. Kila moja kaitazama kushoto, kulia, juu na chini. Safu nne, zote tiki. Zote kazipa daraja la kwanza. Wewe ni nani umpinge?"

Kwa mnaoanza leo, nieleze kidogo. Nafanya kazi kwenye ghala la laptopu zilizotumika. Zinakuja kwa makasha kutoka maofisini, na mimi ndiye ninayesema hii nzima, hii mbovu. Wenzangu wananiita Darubini. Naanza na ukurasa mweupe, natafuta vinukta vilivyokufa. Naweka mweusi, natazama kama taa inavuja pembeni. Kisha naweka picha ya uso wa mtu na kuanza kuhama: kushoto mpaka bega liguse ukuta, kulia hivyo hivyo, juu ya stuli, na mwisho napiga magoti mpaka kidevu kiwe sawa na meza.

Hayo magoti ndiyo kazi yenyewe. Kioo hafifu kinakudanganya vizuri sana ukikitazama mbele, na hata ubavuni kinajitahidi. Ukikitazama kutoka chini ndipo kinapojisema. Cheupe kinakuwa kijivu, cheusi kinang'aa, uso wa mtu unageuka.

Siku ya hizo laptopu thelathini sikupiga magoti. Siumwi magoti. Sikuwa na haraka. Siku hiyo alikuwa anakuja mpiga picha kunipiga picha ya Mfanyakazi Bora, na nilikuwa nimevaa suti nyeupe ya kuazima kwa dada. Sakafu ya ghala ina mafuta na vumbi. Nikaijaza safu ya chini nikiwa nimesimama, tiki, tiki, tiki, mpaka thelathini, huku navuta shati nyuma lisikunjamane.

Picha ilitoka vizuri. Ipo mapokezini, imewekwa fremu. Naipita kila asubuhi.

"Mama," Mkuu akaniita, "usije ukasema tumemwonea mwanao. Laptopu yenyewe hii hapa, na picha yenyewe ya mtihani. Njoo uone."

Ilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, ndani ya kisanduku cha mbao cha chumba cha mtihani. Kifuniko cha laptopu kilikuwa kimefungwa kamba ya plastiki kisilale nyuma, ili mtahiniwa wa nyuma asichungulie. Mkuu alisimama kushoto. Akasimama kulia. Akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Ufa ule pale, hata kipofu angeuona. Au siyo, mama?"

Nikasimama na mimi. Kwa urefu wangu, ufa ulikuwa unaonekana vizuri kabisa.

"Unaonekana," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Mngependa niwaambie nilijikaza nikasema kweli pale pale, lakini hadithi hii nimeapa kuisimulia ilivyokuwa. Nilirudi kukaa, na Kisoda akasogeza kiti chake kidogo ili nipite, kwa adabu, kama siku zote.

"Naomba kuuliza," Kisoda akasema. "Darasani mbona nilikuwa naona?"

"Hilo tukuulize wewe," Msajili akajibu.

"Darasani nakalia mto wangu. Siku ya mtihani msimamizi kaninyang'anya mto mlangoni."

"Mto unaweza kuficha makaratasi."

"Mngeupasua mkaangalia, mkanirudishia hata na pamba zake."

Mwalimu wa Picha alicheka, akageuza kicheko kikohozi. Mkuu hakucheka. Alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye faili, akaisukuma mbele.

"Tusipotezeane muda. Hii ni barua ya kukiri. Inasema ulidanganya kuhusu kioo. Ukitia sahihi, unarudia mwaka. Usipotia, leo hii unachukua mizigo yako bwenini. Ukitaka kubisha, nitamwita huyo mkaguzi aje athibitishe kazi yake mbele yako."

Hapo ndipo nilipomwona Kisoda amebadilika. Mpaka wakati huo alikuwa anapigana. Aliposikia mkaguzi ataitwa, akanyoosha mkono.

"Naomba kalamu."

"Kisoda," nikanong'ona.

Akaniinamia sikioni. "Acha tu, ma'mdogo. Watakufukuza kazi."

Kalamu ilikuwa ya bluu, na mpira wake ulikuwa umetafunwa mwishoni. Nakumbuka hivyo kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitazama, nikishindwa kuutazama uso wake. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Nikamshika mkono.

"Pigeni magoti," nikasema.

Mkuu akanitazama. "Unataka tusali?"

"Pigeni magoti mbele ya hiyo laptopu. Nyote."

"Mama, hapa ni ofisini."

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Huyo mkaguzi mnayetaka kumwita ndiye mimi. Mmeshamwita. Kakaa hapa saa nzima."

Kisoda aliiweka kalamu chini polepole. Nilienda kwenye ile meza ndogo, nikakunja sketi, nikapiga magoti juu ya zege mbele ya watu watatu na mtoto niliyemlea, nikashusha kidevu mpaka usawa wa meza.

Mfupa uliokuwa mweupe ukawa kijivu, kisha mweusi. Pembeni mwake pakang'aa. Ufa sikuuona tena.

Wa kwanza kunifuata alikuwa Mwalimu wa Picha. Alipiga magoti ubavuni mwangu. Akainuka kidogo, akashuka, akainuka, akashuka.

"Umepotea," akasema. "Mkuu, ufa umepotea."

Msajili naye akaja, akishikilia miwani yake isianguke. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko sote. Aliposimama hakumtazama Kisoda.

Mkuu alibaki kitini, na sote tulijua sababu. Kwa suti ile, kupiga magoti kungekuwa na gharama.

"Mkuu, usijisumbue," Kisoda akasema. Akaenda kona ya chumba, akavuta stuli fupi iliyokuwa imewekewa vitabu, akaiweka mbele ya laptopu. "Stuli ya mtihani ilikuwa kama hii. Kaa tu. Ila bila mto."

Mkuu akakaa. Suruali ikalia mahali fulani, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Alitazama kioo, akainamisha kichwa huku na huku kama anatafuta kitu alichokiangusha. Kisha akaomba ile barua ya kukiri, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni.

"Atarudia mtihani Alhamisi," akasema. "Na mto wake."

Ningekuwa mwandishi mwingine, ningeishia hapo, muende kunywa chai na furaha zenu. Lakini Mkuu alikuwa bado hajamalizana na mimi.

"Mama, hii safu ya chini. Tiki thelathini. Ulipiga magoti mara thelathini?"

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Hata moja."

"Kwa nini?"

Nikawaeleza. Nikataja suti nyeupe. Nikamtaja mpiga picha. Nilipofika kwenye Mfanyakazi Bora ikabidi nirudie, kwa sababu Msajili alikuwa anaandika na alisema hakusikia vizuri. Nilisubiri wanicheke. Wangenicheka ingekuwa nafuu. Mwalimu wa Picha alitazama viatu vyake tu, na Msajili akaandika neno la mwisho, akaweka nukta.

"Nitamwandikia bosi wako," Mkuu akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Mnaweza kwenda."

Tulitoka. Ukumbi wa chuo ulikuwa mrefu, wanafunzi wanapishana na madaftari, mmoja akampigia Kisoda kelele, "Vipi, umepona?" Kisoda akanyanyua dole gumba bila kupunguza mwendo. Miguu mifupi ile ilikuwa inaniacha nyuma.

"Kisoda."

Akazidi kwenda.

"Kisoda, nisubiri."

Akasimama penye mlango wa kutokea, akanigeukia. Hakuwa analia. Ningejua la kufanya kama angelia.

"Ulijua lini, ma'mdogo?"

Ningeweza kusema nimejua leo, nilipoiona fomu. Uongo ulikuwa karibu sana, ulishafika mdomoni.

"Siku ile uliporudi kutoka mtihanini," nikasema. "Uliposema mfupa ulikuwa mweusi."

"Siku ile uliniambia nimechoka."

"Ndiyo."

"Ukanipikia uji, ukaniambia nilale."

"Ndiyo."

"Nikalala nikiamini nimechoka. Siku kumi na moja, ma'mdogo. Kila asubuhi nafumba jicho moja nasoma kalenda ya ukutani, nafumba la pili nasoma tena. Nimeshaenda kupimwa macho. Daktari akasema mazima, nikaona na yeye ananidanganya."

Nilitaka kumgusa bega. Mkono ulifika nusu ya safari ukarudi. Miaka yote nimemlea huyu mtoto kwa maneno mengi, na siku niliyoyahitaji nilipata moja tu. Nilisema "nisamehe", na lilitoka dogo, kana kwamba nimemkanyaga kidole.

Alikuwa ametazama juu kidogo, na midomo yake inacheza. Namjua akiwa hivyo, anapiga hesabu.

"Fomu ilikuwa na mistari thelathini," akasema.

"Ndiyo."

"Chumba cha mtihani kina laptopu kumi na mbili. Nimezihesabu, nilikuwa na muda wa kutosha wa kuhesabu, kuona sikuwa naona. Kumi na nane ziko wapi?"

Sikuwa nimewaambia wale wa ofisini. Hawakuuliza, na mimi, hata baada ya magoti yote yale, nilinyamaza. Ndivyo nilivyo, msije mkanipamba.

"Zilikwenda hospitali," nikasema. "Ile kubwa. Chumba cha kusomea eksirei."

"Wameziweka wapi?"

"Mimi ndiye niliyezipeleka. Meza hazikutosha. Wamezipanga juu ya makabati ya mafaili."

"Na daktari anakaa wapi?"

"Kwenye stuli."

Tukatazamana. Yeye alifika kabla yangu, kwa kuwa ndiye mwenye akili kati yetu. Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Bibi," akasema.

Mliofuatilia tangu mwanzo mnakumbuka, na msiokumbuka ni hivi: mama yetu, bibi yake Kisoda, alianguka bafuni Jumatatu. Jumanne tulimpeleka hospitali hiyo hiyo, akapigwa picha ya nyonga. Daktari akatoka na karatasi, akasema hakuna ufa, ni uvimbe tu, atembezwe asije akakaza mguu. Tangu hapo dada yangu anamtembeza asubuhi na jioni, sebuleni, uani, mpaka chooni na kurudi.

Mama analia akikanyaga. Jana alinishika mkono akasema, "Mwanangu, humu ndani kuna kitu kimekatika." Na mimi, mwenye tiki thelathini, nilimwambia, "Mama, daktari kaiona picha. Wewe unadeka tu."

Nilimwambia anadeka.

Kisoda alikuwa ameshatoa simu. Alibonyeza namba, akanipa mimi. "Sema naye wewe," akasema. "Sema mwenyewe."

Simu iliita mara tatu. Dada alipokea akiwa anacheka.

"Ehe! Mmeshinda?"

"Dada, mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, mzima kabisa. Niambie kwanza, mtoto wangu kafukuzwa au hakufukuzwa?"

"Hakufukuzwa. Dada, mkalishe mama."

"Alhamdulillahi! Mama, umesikia? Hakufukuzwa!" Akapiga vigelegele, na huko nyuma nikasikia sauti ya mama nayo inajaribu. "Sasa sikia na mimi habari yangu. Leo hajalia hata kidogo. Kajikaza! Tumeshazunguka ua mara mbili, sasa hivi tuko kwenye ngazi za nje. Kasema mwenyewe anataka kuzipanda mwanawe akirudi amkute barazani."

"Dada, usimpandishe! Ile picha haikusomwa vizuri. Mkalishe chini, msimguse mguu!"

"Unakatika. Unasemaje? Picha gani?"

"Mkalishe!"

"Sikusikii, hizi kelele za huko kwenu. Ngoja niweke simu hapa ukutani, nimshike kwa mikono miwili. Wewe sikiliza tu."

"Dada! Dada!"

Nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakasimama ukumbini. Kisoda alikuwa ameninyang'anya simu, akaniwekea sikioni tena, akaninyang'anya, sote wawili tunaita, na upande wa pili simu ikagongwa juu ya kitu kigumu na sauti ya dada ikawa mbali. "Haya mama, taratibu. Mguu wa kulia kwanza."

Kisha nikamsikia mama yangu. Alikuwa anahema, na ndani ya kule kuhema kulikuwa na furaha.

"Mwambieni mwanangu," akasema, "leo sideki."